Mihuri Sita ya Mutale

Mutale alikuja na karatasi yake Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Hakunisalimia. Kwa miaka kumi na tisa aliyokula kwenye banda langu hapa Mikumi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza asiulize nimeamkaje. Aliiweka karatasi mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja kama kitu cha moto.

"Soma, Mama Upendo. Soma kwa sauti, wasikie wote."

Wote walikuwa madereva wawili waliokuwa wanakunywa supu. Nilifuta mikono, nikavaa miwani, nikasoma. Karatasi ilisema kwamba Mzee Ditram, mkazi wa kitongoji chetu, amemuuzia Bwana Mutale kiwanja chake chenye mchungwa mmoja na msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu. Chini yake palikuwa na mihuri sita. Wa mwenyekiti wa kitongoji niliutambua. Nikautambua na wa chama chetu cha kuzikana. Mingine minne ilinibidi niisogeze karatasi kwenye mwanga: duka la dawa, gereji, nyumba ya wageni, na wakala wa mbolea.

"Umebakiza kugonga na kikombe cha chai," nilimwambia.

Wale madereva walicheka, na Mutale akacheka kuliko wao. Alikuwa na furaha kiasi kwamba mtu angeweza kumtukana akashukuru.

Niseme Mutale ni nani. Ni Mzambia wa Mpika. Miaka ishirini na saba aliendesha lori, shaba kwenda Dar es Salaam, mbolea kurudi kwao, na tangu nifungue banda hili, kila safari alisimama kwangu kula. Ugali wangu aliuita tofali, na kila mara alilimaliza tofali lile akaomba lingine. Mume wangu alipofariki, Mutale alikuwa Tunduma, na akasimamisha safari siku mbili ili aje kukaa matangani. Mke wake naye alipofariki kule kwao, nililia kwenye simu hadi salio likaisha. Mwaka jana macho yake yalianza kuona taa mbili penye taa moja, na kampuni ikampumzisha. Watoto wake wapo Kitwe, watu wazima wenye familia zao. Yeye akasema hawezi kulala mahali ambapo hasikii malori yakipandisha gia. Kwa hiyo akaja Mikumi.

Nilimpongeza. Nikamwekea nyama ambayo hakuiagiza. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshuka, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo, kwenye darasa letu la jioni, Mwalimu Yared alikuwa ametufundisha somo la uraia. Tunasomea shule ya msingi saa kumi na moja, watoto wakishaondoka, tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati yao. Siku ile aliandika ubaoni kwamba mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Tanzania, isipokuwa kwa uwekezaji, na hilo lina utaratibu wake. Niliyanakili maneno hayo kwa mwandiko mzuri na kuyapigia mstari. Wala sikumfikiria Mutale. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na la Mzee Ditram, na la mwenyekiti, na la wote waliogonga mihuri. Tulikuwa tumesahau kwamba Mutale ni mgeni.

Nilinyamaza siku tano. Sitasema kwamba nilikuwa natafuta maneno. Maneno niliyapata siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu kila jioni Mutale alipita bandani akiwa na vumbi la kiwanja chake kwenye viatu, akinieleza dirisha litakaa wapi, na mimi nilipenda kusikia dirisha litakaa wapi. Niliomba, "Bwana, kama inawezekana, sheria hii isimhusu." Nikajua kwamba hiyo si sala, ni rushwa.

Jumapili, wakati wa komunyo, nilibaki kwenye benchi. Monica, jirani yangu, alinisukuma kwa kiwiko akidhani nimesinzia. Sikusimama. Misa ilipoisha nilikwenda moja kwa moja kiwanjani nikiwa na kitenge changu cha kanisani.

Mutale alikuwa anapima msingi kwa hatua. Mzee Ditram alikuwa amekaa chini ya ule mchungwa akihesabu kwa ajili yake na kumkosesha hesabu kwa makusudi.

"Shikamoo Mzee Ditram."

"Marahaba, binti. Njoo umwambie rafiki yako kwamba chumba hakipimwi kama lori."

Nikasema yote hapo hapo, kwa sababu nilijua nikikaa nitapewa chungwa na nitashindwa. Nilisema kwamba Mutale si raia, na kwa hiyo karatasi ile haiwezi kumpa kiwanja hata ikiwa na mihuri mia.

Mzee Ditram alinitazama kama niliyemtukana mgeni wake. "Huyu? Huyu si raia? Tangu lini?"

"Tangu azaliwe, mzee."

"Mutale, eti ni kweli?"

Mutale alikuwa amesimama na mguu mmoja mbele, hatua yake ya tisa haijakamilika. "Mimi ninayo pasipoti ya Zambia," alisema taratibu. "Ila nilidhani hiyo ni ya kuvukia tu." Kisha akanigeukia. "Ulijua lini?"

"Jumanne. Ulipoweka karatasi mezani."

"Na nyama ukanipa."

"Na nyama nikakupa. Nisamehe, Mutale."

Aliurudisha mguu wake nyuma, akaketi kwenye msingi.

*

Jumatano tulikwenda Kilosa sote watatu, kwenye ofisi ya ardhi, maana Mutale alisema hawezi kukataliwa na daftari la shule ya jioni, akataliwe na mwenye kazi yake. Ilikuwa haki yake. Njiani alizungumza na Mzee Ditram tu.

Ofisa aliyetupokea alikuwa msichana wa umri wa Upendo wangu, jina lake Irine. Alisimama kutuamkia mmoja mmoja kabla ya kugusa karatasi yetu, na nikampenda kwa hilo. Aliisoma mara mbili. Halafu akaanza kuhesabu mihuri kwa ncha ya kalamu, huku amebana midomo ili asicheke.

"Baba, huu wa duka la dawa unafanya nini hapa?"

"Mwenye duka ni shahidi," alijibu Mutale.

"Na wa gereji?"

"Fundi naye ni shahidi. Mpakani, binti yangu, karatasi yenye mihuri michache haipiti geti. Nimelala Tunduma siku nne kwa ajili ya muhuri mmoja. Nikasema safari hii nisikose hata mmoja. Mtendaji wa kata peke yake sikumpata, alikuwa kwenye semina."

"Mngempata yeye angewaambia mapema," alisema Irine. "Hapa si mpakani, baba. Ardhi haivuki kwenda popote. Wewe ni raia wa wapi?"

Mutale alitoa pasipoti. Mzee Ditram aliichungulia kana kwamba rafiki yake alikuwa amemficha mke wa pili.

Irine alieleza bila haraka. Mwenyekiti wa kitongoji alishuhudia kwamba watu wawili wamekubaliana, na hilo tu ndilo muhuri wake unaloweza kusema. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mwekezaji ana mlango wake serikalini anakoanzia. "Je, baba, unawekeza?"

"Nawekeza uzee wangu," alisema Mutale.

Irine aliinamisha kichwa. Hakucheka safari hii. Akamgeukia Mzee Ditram. "Na wewe mzee, mkeo amesaini wapi?"

"Mke wangu yuko Msowero kwa binti yetu."

"Anajua kwamba kiwanja kimeuzwa?"

Mzee Ditram aliangalia dirishani. "Anajua kwamba nina mpango."

"Basi hata kama huyu baba angezaliwa hapa Kilosa, karatasi hii isingetosha. Kiwanja mlichochuma pamoja hakiuzwi bila ridhaa yake."

Mzee Ditram, aliyekuwa ameona aibu, alipiga goti lake kwa kiganja. "Mbona tunajisumbua? Mama Upendo ni raia. Andika jina lake, tumemaliza. Ni kalamu tu."

"Naam," alisema Mutale, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Andika jina lake. Mimi namwamini huyu kuliko benki."

Irine aliweka kalamu chini akanitazama mimi. "Mama, utasaini mbele ya wakili kwamba umekinunua wewe, na ni chako?"

Wote watatu waliningoja. Mutale alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja sahani aliyokwisha kuagiza.

"Siwezi," nilisema.

Nilitaka kueleza. Nilitaka kusema kwamba fedha ni yake na kiwanja ni chake, kwa hiyo nikisema ni changu nimesema uongo mbele ya Mungu. Na nikifa kesho, Upendo atakuta jina la mama yake, na Mutale atakuwa mzee aliyekaa kwenye kiwanja cha watu. Lakini Mutale alikuwa amesikia neno moja tu. Aliirudisha pasipoti mfukoni, akamshukuru Irine vizuri, akatoka.

Kwenye kituo cha Ulaya, kijiji kilicho njiani kurudi Mikumi, alininunulia ndizi, kama alivyofanya siku zote tukisafiri, lakini alinipa bila kunitazama.

*

Kesho yake Monica aliniletea habari kwamba Mutale ameomba nafasi kwenye lori la dereva mwenzake, Nassir, linaloondoka Jumamosi kwenda Tunduma. Amefunga begi. Amelipa chumba chake hadi Ijumaa.

Jioni nilikwenda darasani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Sikuandika kitu. Wenzangu walipoondoka, nilimweleza Mwalimu Yared yote. Yeye ni kijana kwangu, lakini ana utulivu wa mtu aliyezoea kufundisha watu wazima.

"Umefanya vizuri kukataa," alisema akifuta ubao. "Umemwambia sheria inakataza nini. Umemwambia inaruhusu nini?"

"Sikumwambia."

"Unajua?"

"Sijui, mwalimu."

"Mgeni anaruhusiwa kupanga nyumba, mama. Mimi mwenyewe, nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Mkenya. Ana mkataba wake, ana kibali chake cha kuishi, na kila mtu analala."

Niliomba njia nzima kurudi nyumbani. Sikuomba Mutale abaki. Niliomba nisijidanganye, kwa sababu wazo lilikuwa limekwisha kuja, na lilikuwa linanifurahisha mno.

Mimi nina mabati. Mwanamke wa Mikumi akipata fedha kidogo, hanunui gauni, ananunua bati. Nilikuwa nayo ishirini na sita, mengine uvunguni mwa kitanda, mengine kwa Monica nyuma ya jiko, mengine kwa kaka yangu Beda kule Ruhembe. Upendo amekuwa akinicheka miaka yote: "Mama, unaezeka nini, hewa?" Na kwenye kikoba nilikuwa na akiba ya miaka tisa ambayo ingenunua kiwanja, lakini isingejenga ukuta.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Ditram kabla hajamaliza kupiga mswaki.

"Shikamoo. Nauliza kiwanja."

"Marahaba. Kile ulichokikataa juzi?"

"Nakinunua mimi, kwa fedha yangu, kwa ajili yangu. Mutale umrudishie yake yote."

Alinitazama huku mswaki uko shavuni. "Yote ipo. Isipokuwa nilinunua mbuzi."

"Mbuzi tutamla siku ya kusaini."

"Na mke wangu?"

"Mpigie. Mwambie ukweli, na asafiri."

*

Jumamosi saa tatu nilikwenda kwenye maegesho ya malori. Mzee Ditram alinifuata nyuma ingawa sikumwomba. Lori la Nassir lilikuwa linapashwa moto. Mutale alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, begi lake tayari juu, kofia yake ya kazi kichwani.

"Habari za asubuhi, Mutale."

"Nzuri, bamayo." Ndivyo wanavyomwita mama kwao. Aliniita hivyo tu akiwa na huzuni.

"Natafuta mpangaji."

Aliinua macho.

"Asiwe mlevi," niliendelea. "Ajue kufukuza nyani kwenye mchungwa. Alipe kodi ya miaka mitatu mapema, maana mwenye nyumba ana mabati lakini hana kuta."

"Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye msingi. Unaujua, umeupima mwenyewe."

Alielewa taratibu. Nilimwona akiizunguka habari ile kama alivyokuwa anazunguka lori kukagua matairi. "Kwa hiyo kiwanja changu umekichukua wewe."

"Hakijawahi kuwa chako. Wala changu. Nikikilipa kitakuwa changu kweli, na wewe utakuwa mpangaji kweli. Kila mtu atasaini jambo analoweza kulirudia akiwa kanisani. Ofisa Irine nimempigia. Amesema hayo anayaelewa, na kibali cha kuishi ukaulize Uhamiaji."

"Miaka ishirini na saba barabarani," alisema Mutale, "nije nipange chumba kwa mama ntilie?"

"Mama ntilie ndiye mwenye nyumba. Uliza kodi kwa adabu."

Kona ya mdomo wake ilitikisika. Akaizuia. "Na tukigombana?"

"Mkataba utasema taarifa ya miezi mitatu. Hata tukigombana, ugali bado utaletewa."

"Nikifa?" Hili aliliuliza kwa sauti ndogo, na nikajua kwamba ndilo alilokuwa akiuliza tangu mwanzo, tangu muhuri wa kwanza.

Mzee Ditram ndiye aliyejibu nyuma yangu, kwa hasira.

"Miaka kumi na mmoja unalipa chama cha kuzikana, ulidhani unachangia nini, harusi? Utazikwa hapa, bwana. Kaburi haliulizi pasipoti."

Nassir alitoa kichwa dirishani. "Mzee Mutale! Unapanda au unaoa?"

"Napanga nyumba!" alipiga kelele Mutale. Akasimama, akapanda ngazi, na kwa dakika moja sikumwona. Nilishika rozari mfukoni. Kisha begi likashuka, na yeye nyuma yake, akilalamika kuhusu goti.

*

Tulisaini Kilosa mwezi uliofuata, mbele ya wakili. Kwanza kiwanja, kutoka kwa Mzee Ditram kuja kwangu. Mkewe, Mama Gaudiosa, alifika kutoka Msowero akiwa amekunja uso, alitaka asomewe kila mstari, na katika kila mstari alimuuliza mumewe, "Na hili ulikuwa unaliuza peke yako?" Alisaini kwa herufi kubwa zilizojaza nafasi yake na nusu ya nafasi ya mumewe. Baadaye, kuta ziliposimama na kibali cha Uhamiaji kikapatikana, Mutale nami tulisaini mkataba wa pango wa vyumba viwili. Changu ni kile cha mbele, chenye dirisha aliloliwaza yeye.

Mbuzi tulimla siku hiyo ya mkataba wa pango. Wagonga mihuri wote sita walikuja, na mwenyekiti aliomba radhi hadi tukamwomba anyamaze ale.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, Mutale alikaa barazani na nakala yake ya mkataba. Aliigeuza, akaitazama kwa nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Muhuri mmoja tu," alisema.

"Mmoja unatosha. Wa wakili."

"Najua. Nimeelewa. Mwalimu wako amenieleza, Irine amenieleza." Aliilaza gotini, akailainisha kwa kiganja. "Lakini mmoja, Mama Upendo. Karatasi inaonekana ina baridi."

Kule barabarani lori lilikuwa linapanda kilima, likabadilisha gia. Alilisikiliza hadi lilipopita.

Nilichukua kikombe changu cha chai, kilichokuwa kimelowa chini. Nikakigonga pembeni mwa karatasi yake, mbali na maandishi, kwa nguvu, kama nilivyomwona mwenyekiti akifanya. Kiliacha duara la rangi ya kahawia.

Mutale aliliangalia. Akalipuliza likauke. Kisha akachukua kikombe chake naye, akagonga la pili kando ya lile langu.